Rahila Anakuja Kwako

Wambaa, Pemba
Jumatano

Dada yangu Saada,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nataraji wewe na watoto hamjambo, na shemeji mguu umempa nafuu. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mvua imetushika wiki nzima na muhogo umeanza kuoza shambani, lakini si la kulalamikia. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu haya nisingeyamaliza.

Uliponipigia kuniambia kuwa klabu ya jimnastiki ya huko Unguja imemuona Rahila kwenye mashindano ya skuli pale Gombani na inamtaka, na kwamba kwako chumba kipo, baadaye nilikupigia nikakujibu kuwa mtoto mwenyewe hataki, keshamzoea Mwalimu Masika anayewafundisha skuli, na wenziwe. Nilimuuliza mbele ya baba yake, siku Seif alipotoka Tumbe kwa mke mwenzangu kuja kumuona. Rahila akasema hataki, akainuka kwenda kuchota maji. Seif akasema basi, mtoto wa miaka kumi na miwili asilazimishwe. Na mimi nikasema basi.

Mwezi uliopita akaanguka. Wao hufanyia mazoezi darasani, madawati yakisogezwa ukutani na magodoro yakitandikwa chini. Alikuwa akijaribu kupinduka hewani mara mbili. Magodoro yakaachana, akafikia bega kwenye saruji. Mfupa haukuvunjika, ila mpaka leo akinyanyua ndoo hukunja uso akidhani simuoni.

Mwalimu Masika akaja nyumbani. Alikaa barazani, chai hakuigusa. Akaniambia aliyonayo keshampa Rahila yote, na kwa yale anayotaka kuyafanya sasa, magodoro yale yatakuja kumvunja shingo. Nikamwambia mtoto hataki kuhama.

"Anataka, Bi Mwatum," akasema. "Kila siku ananiuliza kule wanarukaje. Lakini anasema akiondoka yeye, wewe utabaki na nani."

Dada, sasa nikwambie la kweli, maana sina mwengine wa kumwambia. Lile halikuwa jipya kwangu. Tangu Seif ahamie Tumbe, mimi na Rahila tunalala kitanda kimoja na kula sahani moja. Siku ile mbele ya baba yake, kabla hajajibu, aliniangalia usoni kwanza. Nilijua anasema hataki kwa ajili yangu. Nikaona raha, nikanyamaza, na nikakupigia kukwambia mtoto hataki.

Jana nimemwambia anahama. Alilia sana. Kisha, machozi hayajakauka, akaniuliza kama ni kweli sakafu ya huko inadunda.

Atakuja na boti ya Jumamosi pamoja na Mwalimu Masika, anayetaka kumkabidhi mwenyewe kwa walimu wa huko. Tafadhali asianze mazoezi mpaka daktari aliangalie lile bega. Pweza hali, akikwambia anakula, anakuonea haya tu. Siku za mwanzo usimlaze peke yake.

Na akikuuliza habari zangu, mwambie mama yako hajambo, ana shughuli zake. Mimi nipigie akiwa mazoezini, hapo ndipo nitakapokwambia nimelalaje.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Mungu akuzidishie kwa moyo wako.

Mdogo wako akupendaye,
Mwatum