Baba, Tulimshangilia Mgombea Mwenza

Baba yangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, kile ambacho mkono wake umechubuka kwa kugongwagongwa na rimoti kila mwanasiasa alipokuudhi. Ni Alkhamisi asubuhi. Mdogo wangu Khalfan amekwenda Azaiba kuchukua halwa, Zuwena yuko jikoni anafuta vikombe vya kahawa, na mimi nimejifanya naandika orodha ya vitu vya sokoni. Kesho baada ya sala ya Alasiri wanakuja watu kumposa Zuwena, mdogo wetu, na Khalfan, ambaye ndiye walii wa kumwoza sasa kwa kuwa wewe hupo, ameshaamua kuwaitikia. Nimekwama, Baba. Sina wa kumwambia ila wewe, na wewe ndiye niliyekuficha.

Unakumbuka ule uchaguzi wa Marekani, mwaka niliokuwa nasubiri majibu ya chuo? Ulikaa hapahapa ukimtafsiria Mama, kwa sababu yeye alikuwa na Kiarabu na Kiswahili lakini Kiingereza kilimpita. Maisha yako yote ulitafsiri barua za ofisini, ukastaafu, ila ulimi wako haukustaafu. Siku hiyo mgombea wa chama kimoja alimtangaza mtu wa kusimama naye, ukasema, "Haya, huyo ndo mgombea mwenza." Mama akaacha kuchambua mchele. "Mwenza? Masikini mkewe! Anamletea mwenza mbele za watu wote hawa?" Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Si mke mwenza, bibie! Wa kugombea naye. Wakishinda anakuwa makamu." Mama akarudi kwenye mchele wake. "Haya. Mie mwenza nnamjua wa aina moja tu, na huyo asikanyage hapa." Tangu siku hiyo, ukitaka kumchokoza, ulimwambia unatafuta mgombea mwenza.

Mimi nilikuwa natazama ule umati. Jana yake tu wale wahafidhina, kama ulivyowaita, walikuwa wamenuna. Walisema huyu mgombea mkubwa si mwenzao, mambo ya dini na familia kaanza kuyasema juzi, siku ya kura watabaki majumbani mwao. Leo walikuwa wanalia kwa furaha na vibendera mkononi, na wanayemshangilia ni yule wa pili. Nikakuuliza wamepatwa na nini.

Ulipunguza sauti ya runinga, jambo ulilolifanya mara chache sana. "Nsikilize, Salma. Hawa ni watu wanaoshika mambo ya wazee wao. Mkubwa kawaahidi kila kitu, lakini ahadi ni maneno, na wao washaahidiwa mpaka wamechoka. Leo kawaletea mtu. Wanajua anasali wapi, kalea vipi wanawe, kakataa nini alipokuwa hana cheo. Hiyo si ahadi tena, hiyo rehani."

"Lakini si yeye atakayetawala, Baba."

"Hatawali. Ila sasa wanaweza kumpigia kura mkubwa bila kuona haya. Mtu akirudi nyumbani mkewe akamwuliza, 'Umempa kura yule?' anamjibu, 'Nimempa huyu wa ubavuni kwake.' Na kubwa zaidi, wameonekana. Miaka wanaombwa kura tu, halafu siku moja anasimamishwa mtu wa namna yao, anazungumza kama wao. Wasiruke kwa nini?"

Mama akauliza bila kuinua kichwa, "Na huyo makamu kazi yake nini hasa?"

Ulirudisha sauti ya runinga. "Kungoja," ukasema.

Tulicheka sote watatu, na mimi nilicheka kuliko nyote.

Miaka miwili baadaye akaja Mundhir. Mara ya kwanza hukumpenda, usinikatalie. Alichelewa, alijibu kabla hajaulizwa, na hapa Ghubra hakuna aliyejua anakaa na nani wala anatoka wapi jioni. Ulimwambia Mama, "Huyu simfahamu mie." Nilikaa wiki mbili sili vizuri. Mara ya pili akaja na mjomba wake, kumbe Maalim Said. Maalim Said uliyesali naye safu moja miaka ishirini, aliyekaa nawe hospitali siku tatu Khalfan alipovunjika mguu. Nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la kahawa, nikakusikia unainuka kwenye kiti hiki kabla hata hajavua viatu. Sauti yako ilikuwa nyingine kabisa. "Maalim, weye ukisimama na mtu, mie nna la kuuliza?"

Na kweli hukuuliza. Nisikutupie wewe peke yako. Mimi nilikuwa kule nyuma ya mlango narukaruka, kahawa inamwagika kwenye sinia. Ulinifuata jikoni ukaninong'oneza, "Mjanja huyu, kaja na mgombea mwenza!" Ukacheka, na mimi nikacheka. Hatukukumbuka hata mmoja wetu yale uliyoyaeleza mbele ya runinga. Ulimchagua mwenza, Baba. Mimi niliolewa na mgombea.

Nikahamia Mabela kwenye nyumba mpya yenye harufu ya rangi. Mwaka wa nne nilijua kwamba ana mke mwingine mjini Sohar na mtoto anayetembea. Sheria inamruhusu, hilo nalijua, na huyo mwanamke sina kisa naye. Kilichonivunja ni ile miaka miwili kabla ya kujua, aliyokuwa akinambia mimi ni mgonjwa wa wasiwasi, mpaka nikawa naomba radhi kwa kuuliza tu alilala wapi. Niliomba radhi, Baba, mimi ambaye ulikuwa ukisema ulimi wangu ungefaa kuwa wakili. Na mwenza aliyeingia nyumbani kwangu akawa ni yule wa aina aliyoijua Mama.

Nilikwenda kwa Maalim Said. Alikuwa ameshazeeka, anatembea kwa kushika ukuta. Nilimweleza yote naye akalia mbele yangu, mtu mzima yule. "Mwanangu, mie nlisimama naye siku moja. Alinambia, 'Mjomba twende,' nkenda. Siishi naye. Nkimsema hanisikii, simu yangu hashiki." Alikuwa mtu mwema na machozi yake yalikuwa ya kweli, lakini hakuwa na la kufanya. Nikakumbuka jibu lako kwa Mama kuhusu kazi ya makamu: kungoja. Nilitoka pale nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Talaka ilitoka wakati wewe umeshalala kitandani na Mama ameshatangulia. Ili usijue, sikurudi hapa, nilipanga chumba Mabela, na kila Ijumaa nilikuja na bakuli la supu, nawe ulinipokea kwa swali lilelile. "Mundhir hajambo?" Nilikujibu, "Hajambo, anakusalimu." "Na Maalim?" "Naye pia." Ulitabasamu ukanishika kidole. "Nilikuchagulia vizuri, eh?" Nikasema, "Ndiyo, Baba." Miezi minane nilisema ndiyo, nikirudi garini naukumbatia usukani. Khalfan nilimwambia tu kwamba hatukuelewana, nikamwapisha asikwambie, naye akaamini tatizo ni huu ulimi wangu. Niliona nakupa zawadi ya kufa na moyo mweupe.

Sasa naona niliacha nini nyuma. Wiki iliyopita Khalfan alikuja mbio kutoka majlis, chumba cha wageni wanaume, uso unang'aa. "Dada, unajua wa kumposa Zuwena kaja na nani?" Tazama hilo, Baba: jina la mposaji mwenyewe lilikuja baadaye. Ni kijana wa Mabela, na aliyemleta ni imamu wa msikiti wao, mtu anayeheshimiwa na kila mtu na anastahili. Khalfan amekuwa anatamani tangu ulipofariki mtu wa namna yako aingie tena humu ndani, amkalie ubavuni, amwambie anafanya vyema. Namwelewa. Aliruka kama wale wenye vibendera.

Nikamwuliza, "Na kijana mwenyewe? Kwa nini mke wake wa kwanza alirudi kwao hata mwaka haujatimia?"

"Maneno ya watu hayo. Angekuwa na ila, mtu kama yule angesimama naye? Baba si ndo hivihivi alivyofanya kwako?"

"Na mimi nikoje leo, Khalfan?"

Akaangalia simu yake. "Weye na Mundhir yenu hayo. Usimtie mtoto wivu wako."

Wivu! Siku ya pili nikampigia simu mke wa imamu, mama mmoja mkunjufu kabisa, akanambia bila kuficha kwamba mumewe amemjua kijana huyo tangu Ramadhani iliyopita. Anamwona safu ya mbele, anamsifu kwa hilo, kijana akamwomba amsindikize, akakubali kwa nia njema. Nilipomfikishia Khalfan alinijibu, "Si anasali? Unataka nini zaidi?"

Zuwena alinifuata jana mchana nikikunja nguo. "Dada, kijana mwenyewe unamwonaje?" Nikamwuliza kama wamezungumza. "Mara moja, Khalfan alikuwepo. Kila nnalomuuliza, anayejibu ni imamu." Kisha akainamisha kichwa. "Lakini ntamkatalia vipi Khalfan? Tangu Baba afe sijamwona kafurahi hivi." Ana miaka ishirini na tatu, Baba, na bado anapanga vikombe kwa rangi kama ulivyomfundisha. Nikaendelea kukunja nguo. Ningemweleza vipi bila kukutaja wewe?

Nimekaa hapa tangu asubuhi naitafuta njia. Iliyo nyepesi naiona. Nimwambie Khalfan, "Baba angekataa." Hapo angesita, maana mimi haniamini lakini wewe anakuamini. Ningekusimamisha ubavuni kwangu na asingenitazama tena mimi, mwanamke aliyeachwa, mwenye ulimi mrefu. Lakini hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Mundhir, na kijana wa Mabela anaifanya kesho, kuazima uso wa mtu mwema. Isitoshe, ni uongo. Wewe ungemwona imamu mlangoni ukainuka kwenye kiti hiki.

Kwa hiyo nitamwambia la kweli. Nitamwambia Baba alikosea. Nitamsimulia Sohar, Maalim Said na ukuta wake, na zile Ijumaa za supu. Nitamwomba jambo moja tu, kesho amwite kijana peke yake, amwulize, na amsubiri ajibu kwa mdomo wake. Naogopa, Baba. Atasema namchafua marehemu asiyeweza kujitetea. Huenda akanifukuza humu. Huenda nikasema yote na isisaidie kitu, kesho kahawa ikanywewa na neno likapita, na mimi niko nyuma ya mlango uleule na sinia lilelile.

Sikuchukii. Ulinipenda, na uliamini kwamba watu wema huleta wema wenzao. Hata mimi ningeamini. Mungu akupe raha huko uliko, na mimi anipe ulimi wangu leo, ule uliosema ungefaa kuwa wakili.

Gari ya Khalfan inaingia. Zuwena ameshakimbilia kumfungulia mlango, na namsikia Khalfan akiimba. Nisamehe, Baba. Uliponiuliza kama ulinichagulia vizuri, jibu lilikuwa hapana.

Mwanao wa kwanza,
Salma