Bingwa wa Sufuria Amejiuzulu

Baba watoto,

Maharage yako jikoni. Yakikauka, ongeza maji. Sufuria za jana zinakusubiri. Sabuni iko chini ya sinki, maana najua hujawahi kufika huko.

Asubuhi umenisomesha mbele ya watoto: eti mama anapika haraka kuliko baba, anaosha haraka kuliko baba, basi yote afanye mama, yeye ndiye bingwa. Ukacheka peke yako. Na shuleni wanakuita mwalimu wa uchumi!

Sasa nisikilize mimi fundi cherehani. Ni kweli, nakushinda kwa yote. Lakini saa yangu moja kwenye sufuria ni gauni la mteja ambalo halikushonwa. Saa yako moja ni usingizi kwenye kochi. Kati yetu, nani anapoteza kidogo kuliko mwenzake akiosha yeye? Hilo ndilo swali, si nani ana mikono myepesi.

Nimemuuliza hilo binti yako akiwa anafunga viatu. Hata kichwa hakuinua. Kasema, “Si baba?”

~~Nitarudi saa kumi nikusaidie.~~ Nitarudi sufuria zikiwa zinang'aa.

Mama watoto,
bingwa mstaafu