Waya wa Betri ya Kifaru

Parth, nimechoka. Nimetoka kwa Mama sasa hivi, huku Birongo.

Unakumbuka Kifaru, ile roboti yetu ya 1998? Mota za waipa za gari kutoka duka la vipuri la baba yako, msumeno wa bati mbele. Kwenye pambano la roboti, ilipogongwa mara moja tu ikazima, Keroka nzima ikatucheka. Tukasema mwenzetu Ogari alilegeza waya wa betri, kwa sababu yeye ndiye aliyebaki nayo kwetu Ijumaa.

Si Ogari. Ni Mama!

Ananiambia huku akimenya ndizi: "Mlikuwa mnaenda kuipiganisha Jumamosi. Hata mashine ipumzike Sabato."

Hata mashine, Parth. Ipumzike!

Na mimi nilimwita Ogari msaliti mbele ya watu. Miaka yote hii hatusalimiani. Hata mazishi ya baba yake sikuenda.

Nikamuuliza, Mama, mbona hukusema?

"Nilimwambia Ogari siku ile ile ulipomtukana. Akaniomba ninyamaze, usije ukanikasirikia mimi mama yako. Akasema, 'Mimi ni rafiki yake. Atanisamehe tu.'"