Asmini ya Dirisha la Cucu

Jumamosi. Baridi ya Julai, ukungu tangu juzi, na mimi leo sijipendi hata kidogo.

Niseme ukweli. Jumatatu nilikata mmea uliotambaa juu ya mti wa muringa, nje ya dirisha la mama mkwe wangu hapa Karurumo. Tunamwita Cucu, yaani nyanya, kama watoto wangu wanavyomwita. Macho yake yalizimika mwaka juzi. Mmea ulikuwa na maua meupe ya kunukia na vitunda vyeusi vilivyogombaniwa na ndege tangu alfajiri. Ndege wakianza kelele tu, Cucu alivaa na kuita chai.

Nilipiga picha ya jani. Simu ikasema ni gugu la kigeni linaloua miti. Mimi mwalimu wa sayansi nikaiamini simu.

Cucu alinisihi niulize watu kwanza. Nikamjibu mbele ya akina mama wa chama: "Cucu, wewe hata huuoni. Unautetea wa nini?"

Wakacheka. Nami nikacheka.

Nikaufyeka kwa panga, kisha nikachimbua mizizi kwa jembe ili usichipuke tena. Nilijiona shujaa.

Jana nilichomoa tawi kavu kwenye rundo la malisho ya ng'ombe, nikalipeleka Embu mjini kwa afisa wa misitu, nipate jina la kuwafundishia wanafunzi. Kumbe nilitaka sifa tu. Aliligeuzageuza, akatafuta ua na tunda, akasema jani peke yake hudanganya.

"Madam, hii si gugu. Ni asmini ya msitu, ni ya huku kwetu. Ndege ndio wanaipanda. Nani ameikata?"

Nikasema sijui.

Nimerudi na vitunda vinne vilivyonyauka. Nimevizika kwenye mkebe wa udongo chini ya dirisha. Vikiota, vitachukua miaka kufika juu ya mti, na Cucu ana themanini na kitu. Sijamwambia lolote. Msamaha ninao mdomoni tangu jana, nautafuna tu.

Leo nimempelekea uji. Nimemkuta ameketi kitandani, amevaa sweta, kitambaa kichwani, mikono mapajani. Sijui alikuwa amekaa hivyo tangu lini.

"Mama Wanja," ameniuliza, "kumekucha?"

Nimemwambia ndiyo, Cucu, ndiyo kwanza kumekucha.

Ilikuwa saa nne na nusu.