Kiti Alichoniletea Nabalayo

Migosi,
Kisumu.
15 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Lornah,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka huku nyumbani. Joto la Doha linakufanyia nini? Na bwana Ouma, kile kifua kimetulia? Sisi tu wazima. Mvua imetukimbia, omena imepanda bei, watoto wako shuleni. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu Januari, nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye stuli bila mto.

Najua unangoja habari za nyonga. Ule mpira wa tenisi ulioniambia nitafute nilipewa na Harpreet wa duka la vitambaa, mwanawe alikuwa ameuchoka. Mwanzoni niliulalia pabaya, juu ya uti wa mgongo kabisa, nikatoa machozi, mpaka uliponifokea kwa simu kwamba mpira hauwekwi kwenye mfupa. Sasa naubana kati ya ukuta na tako, pale kwenye nyama. Nikipata fundo la msuli natulia juu yake, napumua, nahesabu sekunde tisini. Kulia, kisha kushoto. Halafu nalala chali, magoti juu, nainua kiuno mara kumi na mbili, mizunguko mitatu. Mwisho goti moja chini, mguu mwingine mbele, nusu dakika kila upande, mpaka paja lilegee.

Nimefanya hivyo wiki kumi na sita. Siku mia moja na kumi na mbili, na nimekosa mbili tu, zote za matanga.

Lakini usidhani ni afya iliyokuwa ikiniamsha alfajiri. Ni Nabalayo, mke wa shemeji Waswa.

Unakumbuka nilivyoumia: Jumapili ya tarehe 12 Januari, pale sokoni Kibuye, nikiinua peke yangu robota la mitumba la kilo arobaini na tano kwa sababu sikutaka kungoja mbebaji. Nilimwomba Nabalayo anishikie nafasi yangu ya kuuzia Jumapili mbili. Mbili, Lornah. Na mstari wetu wa wauza mitumba una sheria yake: mwenye nafasi akikosekana Jumapili ishirini na sita mfululizo, yule anayeishikilia anaichukua. Nafasi hiyo nimeipigania miaka kumi na tisa, tangu siku nilipotandaza gunia chini na kuuza soksi.

Basi Nabalayo naye alikuwa anajua kuhesabu. Wateja wangu wakiniulizia, anawajibu kwa sauti ya huruma, "Selpha? Huyo ni wa kitandani sasa. Tumwombee tu."

Mwezi Machi akaitisha harambee katika ushirika wao wa maombi wa Jumatano, bila kuniuliza neno. Nikashtukia nyimbo langoni. Wanawake ishirini na mmoja, na mbele yao kiti cha magurudumu kimefungwa utepe mwekundu.

"Keti, mama, usione haya," akaniambia. "Tupige picha."

Nikaketi. Hilo ndilo kosa langu, nalikiri. Lakini zawadi ikija na nyimbo, na maombi, na wageni wanangoja chai, nani kwetu huku anaweza kuikataa? Chai haijapoa, picha iko kwenye simu ya kila mtu Kibuye, mpaka kwa Mzee Okinyi, msimamizi wa mstari. Hapo ndipo nilipokupigia na kukwambia unifundishe kila unachokijua kutoka kliniki yako. Hukuuliza kwa nini. Sasa umejua.

Tarehe 6 Julai ilikuwa Jumapili ya ishirini na tano. Nilikiosha kile kiti, nikawaambia wabebaji wawili wakiwekee robota jipya, nikalifunga na ule ule utepe wao mwekundu, nikakisukuma kwa mikono yangu kutoka barabarani hadi kwenye mstari. Sikuliinua, usiniandikie kunigombeza. Nilisukuma tu, tumbo limekazwa, mgongo umenyooka, kama ulivyosema.

Nabalayo akaruka. "Selpha! Utaumia! Keti!"

"Kiti kina mtu, mama. Huoni?"

Watu wakacheka mpaka wauza viatu wakaja kuona. Nikakata kamba za robota mwenyewe, maana kwetu anayekata kamba ndiye mwenye nafasi. Nikaanza kutoa nguo moja moja, nikiinamia kwenye nyonga, mgongo bapa kama meza. Hilo nililifanyia mazoezi na mti wa ufagio mgongoni, ukigusa kichwa, mabega na mwisho wa uti. Mzee Okinyi alisimama pale, mikono nyuma, midomo ikihesabu. Nilipofika blauzi ya arobaini akawageukia wanawake wa ushirika. "Mgonjwa wenu huyu amenichosha kumtazama. Nafasi ina mwenyewe."

Mimi sikumtukana Nabalayo. Nilikivuta kiti nikakiweka nyuma yake taratibu. "Keti, mama, usione haya. Tupige picha." Hakuketi. Picha ilipigwa hivyo hivyo, akiwa ameshika mkoba na kiti kinamngoja. Nimekutumia. Itazame tena leo.

Kiti kimeshapelekwa kwa mzee mmoja wa Dunga anayekihitaji kweli. Mimi sina ugomvi na kiti.

Sasa sikia. Jumapili ishirini na nne kwenye ile stuli yangu fupi ya sokoni zimemfunga Nabalayo kiuno. Anatembea kama anabeba maji. Jana alimtuma shemeji Waswa aniombe namba yako. Nimemnyima. Akiipata kwingine, usimwelekeze kitu kwa simu. Mwambie aje Migosi. Ukuta ninao, mpira ninao. Zile sekunde tisini nitamhesabia mimi mwenyewe, polepole, na akipiga kelele naanza tena moja.

Atapona, hilo nakuhakikishia. Nataka aponee mikononi mwangu.

Nisalimie bwana Ouma, na Sagar wa kliniki aliyekuchorea ile michoro ya mazoezi. Mama anakusalimu, anasema unakonda kwenye picha. Nyasaye akulinde huko ulipo, akurudishe kwetu ukiwa mzima kila kiungo.

Wako akupendaye, na aliyesimama,

Selpha