Pembe ya Mgongo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Vipindi vitatu leo, vyote nimeegemea meza. Mguu wa kushoto ganzi tena. Kutoka shuleni Usa River nikapitia kwa fundi wangu wa Sombetini kugombana: gauni jipya limeshuka upande mmoja. Alinizungusha, akapima mara mbili. "Mwalimu, gauni halina kosa. Wewe ndiye umepinda." Nimemtukana kimoyomoyo hadi nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi
Hospitali. Daktari aliniinamisha, mikono ikining'inia. Kiuno upande wa kulia kimeinuka kama tuta. Anashuku pingili za kiuno zimepinda upande, umri unazila. Ameagiza mazoezi tiba, mara kumi na mbili, bima ikikubali. Nisipoyapata, nitafundisha nimekaa, na mkuu wa shule amekwisha kusema hana nafasi ya mwalimu wa kukaa. Naogopa.
Eksirei: mpiga picha alitaka nisimame. Nilikuwa nimesimama foleni tangu asubuhi. Nilimpa hotuba kuhusu utu wa mgonjwa. Akanilaza.

Jumatano, 12 Machi
Bima imekataa. Fomu imeandikwa msimbo M54, maumivu ya mgongo. Maumivu! Kwa hayo wanatoa vidonge. Nimesoma vitabu viwili vya mifupa tangu juzi, najua kilichonipata. Nimeandika makala ya kurasa nne dhidi ya makarani wanaotibu karatasi. Kali. Naipenda.

Ijumaa, 14 Machi
Nilikwenda na makala hadi chumba cha kumbukumbu cha hospitali, nikamsomea Eliamani, dada anayeweka misimbo ya magonjwa kwenye fomu za bima. Alisikiliza yote huku anamenya ndizi.
"Umemaliza, Mwalimu? Haya, shikamoo."
Akafungua faili. Ripoti ya eksirei: mgonjwa amelala, uzito haukukaa kwenye uti wa mgongo, pembe ya kupinda haiwezi kuthibitishwa. Daktari alishuku tu. Kinachoshukiwa hakiandikwi, huandikwa kile kinachouma.
"Sasa nani alikulaza?"
Nawafelisha watoto wanaoandika jibu wasiloweza kulionyesha njia. Aibu. Makala nimeichana.

Jumanne, 18 Machi
Eksirei ya pili. Nimesimama. Bila viatu, magoti yamenyooka. Nilianza kumwomba radhi mpiga picha, akanikatisha: "Usiongee, Mwalimu, picha itatikisika." Huenda alikuwa anasubiri siku nyingi kuniambia hivyo. Pembe ya nyuzi ishirini na sita. Upasuaji hapana. Eliamani ameandika M41, uti kupinda upande, na tarakimu ya kuonyesha ni kiunoni. Fomu imerudi bima. Silali vizuri.

Jumatatu, 24 Machi
Wamekubali. Leo mara ya kwanza. Mtaalamu wa mazoezi alinilaza ubavu juu ya taulo lililokunjwa, akaweka kiganja upande wa kiuno uliobonyea, akaniambia nivute pumzi mpaka nikisukume kiganja chake. Hewa haikufika. Tena, haikufika. Mara ya nne kiganja kiliinuka, kidogo sana.