Sauti Iliyoshiba

Jumatatu, 27 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefuta kebo zote kwa kitambaa kikavu. Nimebadilisha mchele wa kunyonya unyevu kwenye kopo la maikrofoni, wa zamani ulishaanza kulainika. Masika haya yataniharibia vyombo vyote.

Chumba changu cha kurekodia hapa Madungu, Pemba, ni kidogo, na nusu yake si yangu. Magunia ya karafuu ya Khamis, mume wangu, yamepangwa kuta mbili nzima, kwa sababu ndicho chumba pekee kisichovuja. Nikigeuka nagonga gunia. Nikimwambia ayatoe anasema kesho. Kesho yake haina tarehe.

Visanduku viwili vimefika juzi kwa boti kutoka kwa Salim, fundi sauti mwenzangu wa Unguja. Ni priampu, vya kuitia nguvu sauti ya maikrofoni kabla haijaingia kwenye kompyuta. Changu cha zamani kinatosha kwa matangazo ya maduka na kasida, lakini gitaa kinalifanya lilie kama bati. Kimoja cha Salim ni chekundu, kizito, kimejaa koili za shaba. Cha pili cheusi, kina taa ya kioo ndani, kama zile za redio za zamani. Nijaribu vyote, nibaki na kimoja, kingine nirudishe. Salim anasema anatafuta sauti ya joto. Mimi naiita sauti iliyoshiba.

Jana Baba alikuja kutoka kwake Chokocho na gitaa lake, tukajaribu chekundu. Alipiga nusu ya ule wimbo wake usio na maneno. Simu yake ikalia, akaipokea, tukaachia hapo. Nimeisikiliza nusu ile asubuhi yote. Imeshiba. Hata uzi mwembamba una nyama.

Mwenye akili angemaliza hapo. Mimi nataka nikisikie na cheusi.

Baba anakwenda Hija mwaka huu. Keshasema: akishaombewa dua ya kuagwa, Ijumaa ya tarehe nane, hatashika gitaa tena maisha yake. Miaka hamsini kapiga kwenye harusi za watu na hajarekodiwa hata mara moja. Nina siku kumi na moja.

Jumatano, 29 Aprili

Jua kali. Nilikwenda kurekodi tangazo la duka la vitambaa, niliporudi nikakuta chumba kitupu. Khamis katoa magunia yote. Keshayapeleka kituo cha karafuu, kabla mvua haijarudi. Nilidhani nimekosea nyumba.

Nimefagia. Nimenyoosha mikono, sijagonga kitu. Jioni nimempikia samaki wa nazi bila ya kuombwa. Anastahili.

Alhamisi, 30 Aprili

Cheusi hapana.

Maikrofoni ile ile, mahali pale pale: shibiri moja na nusu kutoka pale shingo ya gitaa inapokutana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu inanguruma. Nilipima kwa mkono wangu, nikapima tena. Baba akakaa kiti kile kile. Sauti ikatoka nyembamba, kali, inachoma masikio. Nikapunguza, nikaongeza. Hapana. Kioo kinawaka vizuri lakini sauti haina tumbo.

Ningekuwa najua kupiga ningefanya majaribio haya mwenyewe, nisimchoshe mzee wa miaka sabini na tatu. Sijui kupiga. Na sababu ya kutojua ilikuwa imekaa mbele yangu.

Niandike, maana hakuna asomaye. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilijifunza kwa kumtazama tu. Siku moja, barazani Chokocho, nikapiga mistari miwili ya mwanzo ya wimbo huu huu, mbele ya wageni. Akalichukua gitaa mikononi mwangu. Akasema vidole vyangu havifai. Akampa kaka yangu, ambaye hata hakulitaka.

Sasa anazunguka kuomba radhi, kama wafanyavyo wote waendao Hija. Leo kabla ya kuja kwangu kapita kwa jirani yangu Bi Time, kumwomba radhi kwa kuku wake aliyemkanyaga kwa baiskeli zamani hizo. Bi Time mwenyewe kanihadithia juu ya ukuta wa uani, anacheka mpaka anapangusa machozi. Kuku kaombewa radhi. Kisha Baba kaja kwangu, kakaa saa mbili, kanywa chai, kaondoka. Radhi kwangu hakuomba.

Nina hasira. Nimeosha vikombe kwa nguvu mpaka kimoja kimekatika mkono.

Ijumaa, 1 Mei

Nimekipeleka cheusi bandarini Wesha, nikamkabidhi mtu wa boti ampelekee Salim. Nimekifunga kwa kanga mbili. Uamuzi umepita. Chekundu.

Jumatatu, 4 Mei

Siku mbaya.

Leo ndiyo ilikuwa kurekodi kwenyewe, si majaribio. Baba alifika na nyuzi mpya. Kapiga wimbo mzima mara nne. Mara ya tatu ilikuwa safi, hakuteleza hata mahali pamoja. Nikavaa spika za masikioni nisikilize.

Nyembamba. Kali. Ile ile ya cheusi.

Nilidhani masikio yangu. Nikafungua ile nusu ya Jumapili. Imeshiba. Nikarudi ya leo. Bati. Kisanduku kile kile, maikrofoni ile ile, gitaa lile lile, mtu yule yule. Nikamwambia nyuzi mpya hazifai, arudishe za zamani. Akazirudisha, moja moja. Vidole vimemvimba kwenye viungo, nilikuwa naviona. Akapiga tena. Bati.

Nikamwambia aje tena Alhamisi. Alinitazama sana. Akasema, "Mwanangu, kwani hicho chombo chako chataka nini?" Nikaanza kukunja kebo.

Alhamisi ni tarehe saba. Baada ya hapo hakuna.

Radhi bado. Nakiri jambo moja hapa: sehemu yangu moja ilifurahi kumwambia arudi. Kazi ikiisha, hana tena sababu ya kuja, na mimi sitamwendea kumdai.

Jumanne, 5 Mei

Nimempigia Salim mara tatu. Anasema koili hazifi kwa siku nane. Anasema nizime, niwashe. Nimezima, nimewasha. Anasema labda unyevu. Nimekifungua chekundu, nikakipepea, nikakianika dirishani kikiwa uchi mpaka jua likakimbia. Nimebadilisha kebo. Nimehamisha waya wa umeme. Nimejirekodi nikihesabu moja mpaka hamsini. Sauti yangu mwenyewe inanikera.

Nimegombana na Khamis kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi. Mchuzi nimepika mimi.

Je, kama cheusi kilikuwa kizuri na chekundu kilikuwa kinakufa taratibu, nami nimekirudisha kilicho hai? Miaka hamsini nzima ya mtu, na mimi ninaipoteza kwa kisanduku.

Jumatano, 6 Mei

Mpumbavu. Mpumbavu mkubwa, fundi mzima mwenye miaka kumi na tano ya kazi.

Asubuhi nilikuwa nafagia chini ya meza. Ikatoka punje moja ya karafuu. Nikaiokota, nikainusa. Nikasimama pale nayo mkononi kama dakika nzima.

Magunia.

Jumapili ile Baba alikaa katikati ya magunia. Kuta mbili za gunia, nyuma yake na ubavuni. Yalikuwa yanaimeza sauti kali na kuacha ile nene. Siku zote nilizolalamika kwamba nagonga gunia nilikuwa nimekaa ndani ya chumba kizuri kuliko vyote Pemba, na mimi namwomba Mungu mume wangu akivunje. Kavunja, nikampikia samaki. Nikapiga makofi mbele ya ukuta mtupu: unalia. Mazulia mawili niliyoyatundika zamani kwenye zile kuta nyingine hayakuwa yakifanya lolote, yalikuwa pambo.

Na cheusi nimekihukumu bure. Nilikijaribu kwenye chumba kingine nikidhani ni kile kile. Sitajua kamwe kilivyokuwa.

Nikamkimbilia Khamis shambani. Magunia keshayatoa zamani, yamekwishapimwa, si yetu tena. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kwenye tope na makubazi mkononi. Alinisikiliza. Hakucheka, namshukuru kwa hilo. Akasema karafuu zimekwenda lakini makonyo yapo, vile vijiti vya karafuu vinavyobaki ukishazichambua. Yako kwa ndugu yake, gunia kumi na nne, yanasubiri gari.

Makonyo ni mepesi kuliko karafuu. Yana nafasi katikati. Huenda yakafaa kidogo, huenda yasifae kabisa. Kumi na manne yatatosha ukuta mmoja na nusu. Tumeyabeba sote wawili, mvua ikitunyeshea njiani. Bi Time katuazima magodoro mawili ya sufi kwa ule upande uliobaki. Hakuuliza ya nini. Kasema tu tusiyalaze kwenye maji.

Nimepiga makofi tena. Ukuta umenyamaza. Sina uhakika. Naogopa kujiaminisha.

Alhamisi, 7 Mei

Alifika baada ya sala ya adhuhuri, kanzu safi. Akayatazama makonyo, akayatazama magodoro, akakaa. Nikapima shibiri moja na nusu. Nikarudia kupima, mara tatu.

Mara ya kwanza aliteleza. Mara ya pili mvua ilipiga bati kwa kishindo, tukangoja. Mara ya tatu umeme ukakatika katikati. Tulikaa nusu saa nzima, yeye akihesabu tasbihi, mimi nikiitazama ile taa ndogo ya chekundu isiyowaka. Nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko wiki. Umeme ukarudi. Akapiga.

Imeshiba. Si kama ile Jumapili. Imepungukiwa kidogo chini, ina ukavu fulani. Lakini ni yeye. Nilivisikia vidole vyake vikihama kwenye nyuzi, na pumzi yake.

Nikamwomba arudie. Akasema, "Basi, mwanangu." Akaliegemeza gitaa kwenye magodoro ya Bi Time. Kisha akasema yale maneno, kama anavyowaambia wote: kama amenikosea kwa kujua au kwa kutojua, nimsamehe.

Nilikuwa nayangoja maneno hayo kwa wiki nzima. Yalipotoka sikuyataka. Ndiyo hayo hayo aliyompa Bi Time kwa kuku wake. Nikamwambia, "Lipi, Baba?"

Mtoto hamwulizi hivyo mzazi wake. Najua. Akainamisha kichwa. Nilidhani atanyanyuka aondoke na kunilaani, na safari yake iwe na doa kwa ajili yangu.

Akasema, "La gitaa." Kisha: "Siku ile barazani. N'likwambia vidole vyako havifai. N'lisema uwongo. Vyafaa. Mie n'liogopa maneno ya watu, mtoto wa kike kupiga gitaa mbele ya wanaume. Wasingekusema wewe, wangenisema mie." Akapangusa uso kwa kofia yake. "N'lijua siku ile ile. Na yule kaka yako hata kulishika hakujua."

Nilimwambia nimemsamehe. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine iko njiani inakuja.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nikarudi, nikakuta sikuizima mashine. Yote yameingia.

Ijumaa, 8 Mei

Dua ya kumuaga imesomwa Chokocho. Watu wengi, biriani ikatosha. Alilia akiwashika mikono vijana. Gitaa sikuliona, nikafikiri kalificha.

Nimefika nyumbani nikalikuta pale pale kwenye magodoro ya Bi Time. Jana hakulichukua. Na mimi jana sikuliona, macho yangu yalikuwa yameshiba vitu vingine. Sijui kasahau au la. Sijamuuliza.

Jumapili, 17 Mei

Magodoro yamerudi kwa Bi Time. Makonyo yamekwenda na gari. Khamis kaniahidi kuwa msimu ujao karafuu zote zitalala chumbani kwangu mpaka nitakapomruhusu azitoe. Nimemwambia nitamwandikisha.

Salim kanipigia kuuliza kisanduku kipi kilishinda. Nimemwambia chekundu. Akauliza kwa nini. Nimemwambia kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Hakuelewa, nami sikujieleza.

Wimbo nimeuweka mahali patatu tofauti. Mwisho wake, baada ya uzi wa mwisho kufa, kuna mvua kidogo, kisha sauti ya Baba. Kazi yangu ni kukata vitu kama hivyo. Sijakata.

Kabla ya kupanda ndege alinipigia. Simu ilikuwa ya haraka, kelele nyuma yake. Hakuuliza habari ya wimbo. Alisema tu, "Lile gitaa usiliache juani, mbao zitapasuka." Nikamwitikia.

Leo mchana chumba ni kitupu na kinalia. Nimekaa kile kiti chake. Mashine sikuiwasha. Nimejaribu mistari miwili ya mwanzo. Vibaya. Kidole cha pete hakifiki, na ncha za vidole zinauma. Nimerudia mpaka nikasikia adhana ya alasiri, nikaliweka kivulini, nikaenda kutawadha.